Mnyororo wa Plau Sebuleni

Mwanangu unayesoma, kwanza uniwie radhi kwa mwandiko huu na kwa maneno nitakayokosea. Niliishia darasa la saba, kule Mugango, na tangu hapo mkono wangu umeshika sindano ya nyavu na mwiko kuliko kalamu. Naandika polepole. Nikimaliza mstari napumzika, naangalia dirishani, ndipo naanza mwingine. Ukikuta herufi imelala, iinue kwa macho yako, uendelee. Tena mimi ni mtu wa haya. Tangu utotoni maneno yangu hukaa kooni muda mrefu kabla hayajatoka, na mengine hayatoki kabisa. Kwenye karatasi ni nafuu, kwa kuwa karatasi hainitazami.

Nakumbuka mchana mmoja wa jua kali, Musoma mjini, taa ilikuwa inawaka sebuleni kwetu saa ambayo hata kuku alitafuta kivuli. Taa ya umeme, inawaka mchana, mapazia yamefungwa ili ionekane. Hapo ndipo pa kuanzia, lakini nirudi nyuma kidogo, usije ukapotea.

Ilikuwa miaka ile baada ya shida. Wazazi wako watakuwa wamekusimulia foleni za sabuni, na muuza duka aliyejibu "hakuna" kabla hujauliza. Kisha ikaja ruksa. Vitu vikaanza kuingia kutoka huku na huku, na watu waliokaa na hamu muda mrefu wakanunua hata wasivyojua matumizi yake. Siwacheki. Mwenye njaa hachagui mboga.

Mimi nilikuwa nimeolewa karibuni. Mume wangu, Mafuru, alikuwa mvuvi, na sangara walikuwa wameanza kuwa na soko. Tulikaa Musoma upande wa ziwani, nyumba ya bati yenye dari ya mbao laini, na umeme ulikuwepo siku ulipopenda kuwepo. Wazazi wake hawakuwa watu wa ziwa. Walikuwa wakulima wa pamba na wafugaji, wanaishi Buswahili, na baba yake, Mzee Magesa, alikuwa mtu wa kuhesabiwa katika ukoo. Mafuru ndiye mtoto wa kwanza wa nyumba ile kukaa mjini. Alitaka baba yake akija, aone kwamba mji haukumpotezea mtoto.

Siku moja alikwenda Bunda kwa shughuli zake, akarudi na basi amepakata taa kama mtu aliyepakata mgonjwa. Ilikuwa ya chuma, ina mikono sita iliyokunjika kwenda juu, na kila mkono umeshika ua la kioo. Nzito, mwanangu. Tuliishusha watu wawili. Mchuuzi wa Bunda alimwambia imetoka nyumba ya mtu mkubwa, lakini mnyororo wake wa kuning'inizia ulibaki hukohuko. Balbu zake ndogo hazikupatikana Musoma, kwa hiyo Mafuru akaweka zilizokuwepo dukani, za wati mia, sita zote.

Sasa itundikweje bila mnyororo? Hapo mvuvi hana swali. Mafuru aliingia stoo akatoka na kamba ya nailoni, ile ile tunayotia juu ya wavu wa sangara.

"Kamba hii imevuta samaki mzito kuliko mimi," alisema. "Itashindwa na taa isiyopiga hata mkia?"

Akapanda darini, akaizungusha kwenye boriti, akaishusha kupitia tundu, akafunga taa kwa fundo letu la nyavu, lile ambalo likivutwa ndiyo linakaza. Nilimshikia ngazi. Fundo lilikuwa zuri, siwezi kulisema vibaya. Nyaya za umeme aliziunganisha kwa kuzisokota na vidole, akazifunga kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Halafu juu, kwenye tundu la dari, akasukuma kikombe cha bati cha kuficha fundo. Taa ikakaa karibu na dari, balbu zote sita zikitazama juu, kuelekea kwenye kamba.

Ilipowashwa, majirani walikuja kuona. Mmoja akasema sebule yetu imekuwa kanisa, imebaki sadaka tu. Mafuru alicheka siku nzima.

Hapa nisimame kidogo nikueleze jambo la kwetu, la sivyo hutaelewa yanayofuata.

Katika ukoo ule niliouingia, mkamwana na baba mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Yeye akiwa sebuleni, mimi siingii. Nikikutana naye njiani, natoka pembeni nainamisha uso. Jina lake silitaji kwa kinywa, hapa naliandika tu ili usipotee. Chakula chake hupikwa na mimi lakini hupelekwa na mwingine. Mkono wake siushiki kamwe. Tulikuwa tumeshaishi hivyo tangu niolewe, na nikwambie kweli, kwa mtu wa haya kama mimi mila ile ilikuwa kivuli kizuri. Ilinifaa. Niliwahi kusikia pia habari ya mkamwana wa nyumba nyingine aliyeivunja kwa ukaidi, akarudishwa kwao na ng'ombe wakadaiwa. Sikutaka kurudi Mugango namna hiyo, baba yangu akiwa ameshaozesha kaka yangu kwa ng'ombe walewale.

Taa ilikaa wiki kadhaa. Umeme ulikuwa wa kuja na kukatika, kwa hiyo iliwaka kidogo jioni, ikazimika yenyewe. Kufuta vumbi kwenye yale maua ya kioo ilikuwa kazi yangu, na nilikuwa napanda kigoda ili nifikie.

Ikaja habari kwamba wageni kutoka Bunda wanakuja kumposa wifi yangu, na mazungumzo yatafanyika kwetu Musoma, chini ya taa. Wazo la Mafuru hilo. Baba na mama mkwe wakashuka na basi kutoka Buswahili, mzee na fimbo yake, mama na kapu la karanga. Siku mbili kabla ya wageni nikaingia sebuleni asubuhi, mzee akiwa ametoka kutembea, nifute taa. Nikanyoosha mkono. Nikafuta ua la kwanza, la pili. Nilikuwa nakwenda la tatu ndipo nikagundua kigoda nimekiacha jikoni.

Nilisimama na kitambaa mkononi. Mimi sikuwa nimerefuka.

Jioni nikamwambia mume wangu, "Taa imeshuka."

"Imeshuka imekwenda wapi?"

"Kamba imevutika. Sasa naifikia bila kigoda."

"Ni kamba mpya," akasema. "Ikibeba mzigo inajinyoosha, halafu inatulia. Wewe umeshona nyavu maisha yako yote, hujui?"

Nilijua. Nilijua pia kwamba kamba ikishalowa na kuvuta samaki inajinyoosha mara moja tu. Lakini hiyo haikuwa imevuta samaki, ilikuwa imeshika taa juma baada ya juma, na ilikuwa bado inakwenda. Kesho yake nikamwambia mama mkwe. Alikuwa anachambua mchele.

"Umemwambia mumeo?" akauliza.

"Nimemwambia, mama."

"Basi ameshajua. Mambo ya darini ni ya wanaume."

Mwanangu, wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Lakini hawakutuambia mwenye kuuona mwiba afanye nini, ikiwa mguu wenyewe si wake na mwenye mguu haruhusiwi kuongea naye.

Siku ya wageni umeme ulikuja alfajiri na haukukatika. Mafuru akaona ni baraka. Akawasha taa tangu asubuhi, akafunga mapazia, ili wageni wakiingia kutoka kwenye jua wakute mwanga. Haikuwahi kuwaka muda mrefu namna ile. Juu bati lilikuwa linapasha dari, chini balbu sita zinapasha juu, na kamba iko katikati.

Wageni wakafika, wazee wa heshima, kiongozi wao mtu mnene mwenye utani mwingi. Wakakaa kwenye viti vya pembeni. Kiti kikubwa cha mikono, kile chenye mto, kiliwekwa katikati ya sebule chini ya taa, akakaa Mzee Magesa. Ndiyo heshima Mafuru aliyompa baba yake. Mimi nilikuwa ukumbini nyuma ya pazia na sinia la chai, nasubiri wifi yangu aje alichukue.

"Mzee," yule kiongozi wa wageni alisema, "ulivyokaa hapo unang'aa kama mchumba mwenyewe. Tumekuja kuchukua binti au tumekuja kukuchukua wewe?"

"Mimi hamniwezi," Mzee Magesa akajibu. "Ng'ombe zenu zitaisha."

Wakacheka. Na katikati ya kicheko kile nikasikia harufu.

Kama hujawahi kushona nyavu hutaijua. Sisi tukishafunga fundo la nailoni, tunaichoma ncha yake kwenye moto wa koroboi, inayeyuka, tunaibana na ukucha, haifumuki tena. Harufu yake ni ya pekee, kali, kama mshumaa uliochanganywa na nywele. Nilikuwa nimeinusa maisha yangu yote, nje, chini ya kibanda, nikiwa na sindano mkononi. Sasa ilikuwa sebuleni, na hakuna mtu aliyekuwa anashona wavu.

Nikachungulia kwenye pazia. Taa ilikuwa imeinama upande. Kile kikombe cha bati kilikuwa kimeachana na dari, na katikati yake na dari niliona kamba, imekuwa nyembamba na inang'aa kama ute. Chini yake ni kichwa cha mzee, kofia yake, na mikono yake juu ya fimbo.

Nikamwashiria Mafuru. Alikuwa amenipa mgongo, anawasimulia wageni jinsi taa ilivyotoka Bunda. Nikageuka kwa mama mkwe, aliyekuwa nyuma yangu ukumbini, nikamshika kanga.

"Mama, nailoni inaungua."

"Ngoja," akaninong'oneza, "wako kwenye ng'ombe."

Sikungoja. Nikaweka sinia chini, nikafunua pazia, nikaingia.

Sebule yote ikanigeukia. Nadhani hata leo nikifumba macho naona viatu vyao, kwa kuwa nilitazama chini. Nikasema, "Baba, toka hapo." Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"We mwanamke," Mafuru akasema, "umerogwa?"

Mzee Magesa hakutoka. Mzee mwenye wakwe mbele yake haondoki kwenye kiti chake kwa kuambiwa na mkamwana, na mimi nisingetegemea atoke. Alinitazama tu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu niolewe kuyaona macho yake, na yalikuwa macho ya kawaida, yamechoka kidogo, yanauliza.

Nikamshika mkono, nikavuta.

Sijui kama aliinuka au nilimwinua. Najua alikuwa amesimama, hatua moja kutoka kwenye kiti, bado nimemshika, kamba ilipokatika. Haikupiga kelele. Taa ilishuka kidogo ikadakwa na nyaya zake za umeme, ikabaki inaning'inia na kuyumba, cheche zinatoka pale penye utepe wa baiskeli, balbu zinazima na kuwaka. Mafuru akaruka kwenda kuishika isianguke. Mzee akampiga fimbo ya mkono.

"Usiguse," akasema. "Kitu cha radi hakiguswi."

Huko kwao mti uliopigwa na radi watu huuacha, hawakati hata kuni. Mzee hakujua umeme wa nyaya, lakini alijua cheche, na fimbo ile nadhani iliokoa mtoto wake, kwa kuwa taa yote ni chuma na waya ulikuwa wazi unagusa chuma. Mimi nikakimbia ukumbini, nikashusha swichi kubwa pale penye mita. Nyumba ikawa giza. Ndipo nyaya nazo zikachoka. Tukasikia taa ikitua kwenye kiti cha mzee, kioo kikimwagika juu ya mto.

Mtu akafungua pazia la dirisha. Mkono mmoja wa taa ulikuwa umetoboa mto, umeingia pale ambapo mzee alikuwa ameegemeza shingo.

Halafu yule mnene wa Bunda akakohoa.

"Nyumba hii," akasema, "kumbe mahari inaanza kudaiwa kutoka juu."

Hapo watu wakapata pumzi. Mazungumzo yakahamia nje, na baadaye nikasikia wageni wakisema kwamba kama wanawake wa nyumba hii wanaona namna ile, basi wao wanamtaka binti zaidi ya walivyokuja wakimtaka. Lakini mimi sikuwa na masikio ya kusikia posa. Nilikuwa jikoni, nimekaa chini, naangalia kiganja changu. Nilikuwa nimemshika baba mkwe mkono mbele za watu, na nimempa amri. Nilikuwa nafikiri nguo zangu zitaenea kwenye kapu lipi.

Wageni walipoondoka, jua likiwa bado juu, mzee akaniita. Si kwa kutuma mtu. Aliita mwenyewe. "Mama," akaita, "njoo hapa." Nikaenda nikasimama mlangoni. Akasema nikae. Nikakaa kwenye mkeka karibu na mama mkwe. Mafuru alikuwa amesimama, mkono umevimba.

Mzee alianza na mtoto wake.

"Kule ziwani usiku mnavua dagaa na taa gani?"

"Karabai, baba."

"Mnaifungaga na nini?"

"Waya."

"Kwa nini si nailoni, iliyovuta samaki mzito kuliko wewe?"

"Nailoni itaungua, baba. Karabai ina moto."

"Na hii?"

"Hii ni umeme. Haina moto. Haina hata moshi."

"Ndiyo maana kikombe kile cha juu nimekiona cheusi," mzee akasema. Kikombe cha bati kilikuwa kimeanguka na taa, na ndani kilikuwa kimeungua. "Mafuru, ulichojua mtumbwini ulikiacha mtumbwini. Ulipoingia sebuleni ukawa mgeni wa akili zako mwenyewe. Kitu kinachowaka ni moto, hata kama kimevaa kioo."

Halafu akanigeukia. Nilitazama mkeka.

"Wewe mama. Uliona lini?"

"Juzi, baba."

"Ukamwambia nani?"

"Nilimwambia yeye. Halafu nikamwambia mama."

"Habari ya kichwa changu," mzee akasema taratibu, "imepita mlango wa kwanza, ikapita mlango wa pili, kwangu haikufika. Na mimi nilikuwa nimekaa chini yake nakunywa maji." Akamtazama mkewe, naye akatazama pembeni. Akarudi kwangu. "Kwa nini hukuja kwangu?"

"Heshima, baba," nikasema.

Nje watoto wa jirani walikuwa wanafukuza mbuzi.

"Nisikilize," akasema. "Heshima ni ua wa boma. Nimejenga maboma mengi. Kila boma nililojenga niliacha mlango. Boma lisilo na mlango halilindi ng'ombe, likishika moto linawaua. Leo umepita mlangoni. Usiombe msamaha kwa kupita mlangoni."

Ndiyo maneno yenyewe. Sijaongeza. Niliyaweka kichwani kabla sijasimama, kama mtu anavyofunga sarafu kwenye pindo la kanga.

Sasa uje kwenye kutundika, kwa sababu najua wengine mnasoma haya mkiwa na taa yenu chini sakafuni.

Mzee alikataa kurudi Buswahili mpaka taa itundikwe upya, na alikataa isitundikwe. Mafuru alitaka kuiuza. Mzee akasema kitu kilichotaka kukuua ukikikimbia kitakwenda kuua mwingine. Akamtuma kijana wa basi, na baada ya siku chache ukashushwa mfuko kutoka Buswahili, mzito, unalia. Ndani mlikuwa na mnyororo wa plau, ule wa kukokotea jembe nyuma ya ng'ombe, umepigwa na udongo miaka mingi mpaka umekuwa laini. "Umevuta mbuga ya mfinyanzi," akasema, "na jua limeupiga, hauyeyuki."

Wakaita fundi. Kitu cha kwanza alichofanya hakuwa na haraka nacho: alishusha swichi kubwa, akaweka testa yake kwenye nyaya kuhakikisha hazina kitu, na akamwambia mama mkwe akae pale penye mita asiruhusu mtu kuiinua. Mama mkwe alikaa na kigoda, akachambulia mchele hapohapo. Nadhani alikuwa anamaliza deni la moyo wake.

Fundi akapanda darini. Alisema ile mbao laini ya dari ni karatasi tu, hata saa ya ukutani haibebi vizuri, na boriti ambayo Mafuru alizungushia kamba ilikuwa imeliwa na mchwa upande mmoja. Akaweka kipande cha mbao ngumu kukatiza boriti mbili nzima, akatoboa katikati, akapitisha ndoano ya chuma yenye nati na washa, kile kisahani kipana cha chuma, kwa juu. Mnyororo ukaingia kwenye ndoano. Ndipo mzee, ambaye alikuwa amesimama chini anatazama kila kitu, akasema taa isipande kwanza.

"Apande huyu," akasema, akimnyooshea Mafuru fimbo. "Aliyefunga kwanza aning'inie kwanza."

Mafuru akashika mnyororo kwa mikono miwili, akakunja miguu. Akaning'inia sebuleni, anazunguka polepole, na mzee akamwambia apige mkia. Nilicheka, mwanangu. Nilicheka mbele ya baba mkwe, na yeye akacheka. Mbao haikulia hata kidogo. Hata leo nikiulizwa, nasema jaribu kwa kitu kizito kuliko taa, na ukijaribu simama pembeni, usisimame chini.

Kisha taa ikapanda. Fundi alizipitisha nyaya katikati ya mnyororo zikiwa zimelegea, akatuonyesha kwa kidole zilivyolegea. Waya ni wa kupitisha umeme, akasema, si wa kubeba. Maungio akayaweka kwenye kiunganishi cha kaure chenye skrubu, utepe wa baiskeli akautupa. Ukabaki waya mmoja wa rangi ya kijani na njano, ambao Mafuru mwanzo aliukunja akauficha kwa kuwa aliona hauna kazi. Ule fundi akaufunga kwenye mwili wa taa. Huo ndio unaopeleka umeme ardhini siku waya mwingine ukigusa chuma, badala ya kumpeleka mtu. Na zile balbu za wati mia akazitoa. Tukakaa na balbu mbili tu za mwanga mdogo mpaka zilipopatikana nyingine kama hizo. Ilikuwa nusu giza, lakini tulikula bila kutazama juu.

Tangu siku hiyo chakula cha mzee akija Musoma nilikipeleka mwenyewe. Sikumtazama usoni, sikukaa naye kwenye kiti kimoja. Ua ulibaki palepale. Lakini nilijua mlango uko wapi, na yeye alijua kwamba najua. Mpaka anafariki, mimi ndiye niliyekuwa namwambia kama dawa anaimeza vibaya, na alikuwa ananisikia kuliko watoto wake. Taa bado iko. Maua mawili ya kioo hayakupatikana tena, mikono hiyo iko tupu. Wageni wakiuliza kwa nini tumetundika kitu kizuri kwa mnyororo wa ng'ombe, Mafuru huwaambia wauvute waone.

Basi mwanangu, ninachotaka ukishike ni hiki. Ukitundika kitu kizito juu ya vichwa vya watu, usiulize tu kamba ina nguvu gani, uliza itakutana na nini huko juu siku zote itakazokaa. Zima umeme na umweke mtu wa kulinda swichi. Shika mti wa nyumba, usishike dari. Tafuta fundi kwa kile usichokijua, lakini na kile unachokijua usikivue mlangoni kama viatu. Na kama wewe ni mtu wa haya kama mimi, sikwambii uache haya, maana hata mimi sijaacha. Nakwambia haya yako iwe na mlango. Ukiona kamba inayeyuka juu ya kichwa cha mtu, mwambie mwenye kichwa. Usimwambie jirani yake ukalala ukidhani umesema. Na wewe uliye mkubwa, mwenye kiti cha mto, mdogo akiingia bila kubisha na uso umembadilika, simama kwanza. Mila mtazungumza mkiwa wazima.

Mungu akupe paa lisilovuja na boriti isiyoliwa na mchwa. Akupe chakula mezani, na mwanga wa kukionea, na watu wa kukizunguka. Wanaokaa chini ya taa yako wainuke wote walivyokaa. Na siku neno la kuokoa mtu likikukaa kooni, Mungu alisukume litoke, hata likitoka dogo.

Nimeandika haya kwa siku nyingi, na mkono umechoka. Tafadhali niandikie. Niambie kwenu mmetundika nini, na kama kuna jambo uliliona ukalisema, au bado unalo kooni. Ukiona pia mahali nilipokosea, usimwambie mwingine aje aniambie. Niandikie mimi mwenyewe.